Menyu ya Mzee Methusela

Jumatatu, 1 Machi 2004

Imekubali! Menyu imekubali! Ukiingia kwa jina lako na paswedi yako, unaona kazi zako tu. Violeth, karani wa ghala kuu, anaona Pokea Mzigo, Toa Mzigo na nyingine tano. Uhasibu wanaona zao. Wa ghala la Kibaigwa wakiingia kwa laini ya simu, wataona za kwao. Habari ya kila mtu kuona kila kitu basi tena — karani wa ghala la Haneti alifuta mapokezi ya Desemba nzima, akasema kompyuta imejifuta yenyewe!

Nani aone nini, nimefuata jedwali alilonipa Bi. Hilda wa utumishi. Limetoka Dar, kwa mwekezaji aliyenunua shirika letu. Nimelinakili lote kwenye mfumo, jina kwa jina. Jamani, kazi naijua.

Jumatano, 3 Machi 2004

Mafunzo, chumba cha mikutano. Yalikwenda vizuri mpaka Mzee Methusela, mkuu wa maghala, miaka ishirini na saba kazini, alipovaa miwani akahesabu. Violeth saba. Yeye mbili: Tazama Ripoti na Toka. Akauliza mbele ya wote, "Binti, ndiyo nimepunguzwa?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikamwambia mkubwa hana haja ya vitufe vingi, wadogo ndio wanaobonyeza. Hakuridhika. Ofisi hii cheo ni zulia, kiti chenye mikono, pazia refu. Sasa na menyu imo! Watanimaliza.

Ijumaa, 5 Machi 2004

Si mzaha tena. Tangu juzi hakuna anayempelekea Mzee fomu za kutoa mzigo asaini. Zinapita mlangoni kwake kwenda kwa Violeth, eti yeye ndiye mwenye kitufe. Hakuna barua, hakuna tangazo. Menyu tu!

Leo nimeingia kwake, meza tupu. Shikamoo yangu ameiitikia bila kunitazama. Imeniuma. Nimerudi kwenye mashine nikamfungulia vyote tisa. Dakika tano, kwisha. Jedwali likikosea, fundi anarekebisha. Nimuulize nani?

Jumatatu, 8 Machi 2004

Asubuhi — zabibu! Mzee ameniletea mfuko mzima kutoka shambani kwake Hombolo. Kila anayepita kwenye korido anaitwa aje aone menyu. Fomu zimerudi mezani kwake. Nilijisifu mpaka saa nane.

Saa nane Bi. Hilda akaniita, akafunga mlango. Nani amenituma? Akanionyesha safu ya mwisho ya jedwali. Tarehe 31 Machi, mbele ya majina manne, la Mzee likiwamo. Nilizinakili mwenyewe! Nilidhani ni siku ya kubadili paswedi. Kumbe ndiyo siku yao ya mwisho kazini. Barua zinatoka wiki ijayo. Mpaka hapo nifunge mdomo, na menyu ya Mzee irudi mbili kabla ya saa kumi.

Sasa saa tisa na nusu. Ni mstari mmoja tu, naweza kuubadilisha nimefumba macho. Sijaugusa. Naona aibu — nilicheka kule kwenye mafunzo, naye aliuliza swali la kweli.

Mzee ameingia sasa hivi. Anasema alikuwa anajifunza vitufe vyake kimoja kimoja, amefika cha tisa, Watumiaji. Amekuta majina yetu wote. Mbele ya lake kuna tarehe. Ameichapa orodha kwenye karatasi, ameniwekea hapa mezani, kidole juu ya jina lake.

"Mwanangu, hii thelathini na moja ni ya nini? Violeth hana."

Nimemwambia anisubiri kidogo, namalizia kazi. Kazi yenyewe ndiyo hii ninayoandika. Amevuta kiti, ameketi. Anasema nisiharakishe, yeye ana muda.