Ua Ulilonitumia

Chumba cha Kushonea,
Nyumba ya Kona.
Jumapili, mchana.

Mpendwa mwanangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au bado unalala na nywele mbichi? Sisi tu wazima, baba yako na mgongo wake ule ule. Mimi sina neno, ila nyumba imekuwa kubwa mno tangu uondoke. Nimekukumbuka, mtoto wewe, mpaka nakasirika.

Ua lako lilifika. Mtu wa duka la maua alinikuta na pini mdomoni, hata asante nikashindwa kusema. Yungiyungi jeupe kwenye chungu, na kikaratasi: "Shangazi, usikae peke yako." Nikaliweka kando ya cherehani, nilione kila nikiinua macho. Ningejuaje?

Unamjua Bwana Mkubwa. Tangu ulipomwacha, paka huyu halali ila juu ya sweta lako, pale pale kando ya cherehani. Alhamisi napinda gauni la mteja, nageuka, namwona anatafuna jani taratibu, uso wote poda ya manjano ya ua. Nikacheka! Baadaye kidogo akaanza kutapika, udenda unamtoka. Kicheko kikaniisha.

Jirani yetu kinyozi akaja mbio na kikombe cha maziwa. Kwake yeye maziwa ni dawa ya kila sumu, na yakishindwa, basi maji ya chumvi atapike. Nusura nimsikilize, lakini nikaona nimpigie kwanza daktari wa wanyama. Loo, alivyofoka! "Usimnyweshe kitu, usimtapishe! Mfute hiyo poda kwa kitambaa chenye maji asiendelee kuilamba, umlete sasa hivi, na jani la hilo ua."

Nikamtia kwenye kapu la vitambaa pamoja na sweta lako, nikatoka na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Daktari akalitazama jani, akatikisa kichwa. Kumbe ua hilo kwa paka ni kifo. Jani lake, poda yake, hata maji yaliyobaki kwenye chombo chake, yote huua figo. Mwenye paka haliingizi ndani kabisa. Akamtundikia dripu, akasema nimewahi, lakini tusubiri.

Nikasubiri, mwanangu, kwenye benchi, sweta lako mapajani, nikalia mbele za watu bila haya. Si kwa ajili ya paka tu. Kila jioni, saa uliyokuwa ukirudi kutoka kazini, huyu huenda kukaa mlangoni, nami nasimamisha cherehani nisikilize naye. Akifa, nitasikiliza na nani?

Jana ameruhusiwa. Figo zimesalimika. Amekonda, mguu mmoja umenyolewa, na hataki kuguswa na mtu. Ua nimempa kinyozi, yeye hafugi hata kuku. Akitaka na alinyoe.

Baba yako anakusalimu, kinyozi naye pia. Nisalimie huyo rafiki unayekaa naye chumba kimoja, umwambie akukataze kulala na nywele mbichi. Mungu akulinde utokapo na urudipo.

Usinitumie ua tena, mama. Najua ulivyokusudia, na nimelia kwa hilo pia. Lakini jana jioni, na udhaifu wake wote, Bwana Mkubwa alijikokota mpaka mlangoni akakaa. Ukitaka kututumia kitu, njoo wewe.

Wako akupendaye, hata anapogomba,
Shangazi