Majirani wa Ndunge

Mjukuu wangu Mwende,

Huku Kikima tu wazima, na ng'ombe amezaa. Umeniuliza kama yule mke mpweke wa riwaya yenu ya shule anaishi vitabuni tu.

Nilipokuwa bibi harusi mpya, jirani yetu Ndunge alikatazwa na mumewe, aliyefanya kazi Mombasa, kutoka bomani. Hata kwa mwethya, kikundi chetu cha kulimiana, hakuja. Tulimsikia akiongea na mbuzi. Siku moja mama mkwe wangu akauliza, "Yeye amekatazwa kutoka. Sisi nani ametukataza kuingia?"

Tukaingia na majembe, tukachimba mitaro shambani kwake. Ndunge alilia, kisha yeye ndiye aliyeanzisha wimbo.

Sasa soma riwaya yako tena, uniambie: majirani walikuwa wapi?

Nyanya yako,
Syombua