Miti ya Papa Polycarpe

Muheto, 7 Oktoba 2007

Mwanangu Gentil,

Pokea salamu za mama yako. Malaria imekuacha? Mimi ni mzima, ila baridi ya asubuhi inanisumbua magoti.

Agronomu, bwana shamba wa Serikali, amefika kwetu. Anagawa mbegu za maharagwe, lakini kwa yule tu aliyepanda miche ya miti ya greveria kwa mistari, kukingama kilima, ili mvua isichukue udongo. Nikapanda. Sasa maji yamenifika shingoni. Unajua shamba ni la Papa Polycarpe, sisi tunakodi tu. Alipoona miti alifoka: "Mama Gentil, muntu wa kukodi analima maharagi. Muti, mwenye shamba ndiye anapanda. Unataka kuninyang'anya shamba?" Amesema nitoke kabla ya Noeli.

Nikiing'oa, sipati mbegu. Nikiiacha, sina shamba. Nishauri.

Mama yako

Walikale, 26 Oktoba 2007

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Malaria imeniacha, na biashara ya mawese inakwenda. Magoti uyafunike, tafadhali.

Ing'oe miti, Mama. Mbegu tutatafuta, shamba lingine hatutapata. Umpelekee maziwa, maana mkono mtupu haulambwi. Na usibishane naye, nakujua mdomo wako.

Mtoto wako, Gentil

Walikale, 30 Desemba 2007

Mama,

Uko mzima? Noeli imepita bila neno lako. Madereva wanasema risasi zimelia upande wa Mushaki na watu wa Muheto wamekimbia. Hata kula kunanishinda. Mpe dereva yeyote hata neno moja, nijue uko hai.

Mtoto wako

Muheto, 17 Februari 2008

Mwanangu,

Mungu ashukuriwe, niko hai, na wewe ule. Tulikimbilia Mweso, barabara ikafungwa. Tumerudi wiki iliyopita.

Shamba ninalo. Kabla ya vita kutufikia niliing'oa miti kama ulivyosema, ila sikuitupa. Niliifunga kwa majani mabichi ya ndizi, nikampelekea Papa Polycarpe pamoja na maziwa. Nikamwambia: "Mashimo iko tayari. Panda weye mwenyewe, kwa mukono yako, watu wote waone."

Akanywa maziwa, akachukua miti. Mzee alipanda mstari baada ya mstari akishika kiuno, mimi nikimfuata na maji na kumtania kwamba mistari yake imelewa. Majirani walisimama wakiangalia, na hicho ndicho alichotaka. Agronomu hakuuliza ni mkono wa nani. Aliona miti, akanipa mbegu.

Papa Polycarpe alipomaliza akasema: "Sasa miti iko yangu. Lakini mimi niko muzee, siwezi kuichunga. Weye ulime hapa, uichunge, mupaka ikomae."

Nilimuuliza agronomu itakomaa lini. Akasema si chini ya miaka kumi. Mwanangu, nilicheka mpaka nikakaa chini.

Tuliporudi kutoka Mweso nilipitia shambani kabla ya nyumbani. Miti imeshika. Leo nimemaliza kupanda maharagwe, na moyo wangu umetulia.

Mama yako