Sentimita Mbili

Tarehe 4 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umelala vizuri na umeamka vizuri. Mgongo je? Na macho yanasemaje? Na dada yako, shangazi yetu, hajambo? Mimi mzima, chakula kinapita, na usingizi nao umeanza kurudi, ingawa bado nalala upande wangu wa kitanda tu, kama vile mwenzangu ametoka mara moja.

Baba, mwezi uliopita mwenye bekari aliniita akaniuliza kama naweza kuchukua njia ya marehemu: mikate ya asubuhi, maduka saba, shule na zahanati, kisha kurudisha makapu. Nikajibu naweza kabla hata sijafikiri. Kwa hiyo mwanao Miluzi ametutoka, lakini baiskeli yake inapita njia zilezile. Wateja wanasema tofauti ni moja tu, kwamba mimi nina kengele. Yeye unakumbuka alikataa kengele miaka yote. Akifika kwenye kona, mluzi.

Shida yangu ni kiti, kile cha ngozi ulichomtengenezea tulipooana. Kimekuwa cheusi, kinang'aa kama kiatu cha bwana harusi, lakini kimemzoea yeye. Kina mabonde mawili, na la kushoto limezama zaidi, kwa sababu popote alipokaa, hata sebuleni, aliegemea kushoto. Nikikaa mimi, mfupa mmoja uko bondeni na mwingine uko mlimani. Nikimaliza mzunguko nashuka kama bibi kizee. Nimenunua mfuniko wa sponji. Siku ya kwanza nilijiona malkia. Siku ya tatu ukawa kama mkate uliokataa kuumuka: unazama, unabana, unaleta joto.

Naomba unieleze mtu anachaguaje kiti cha ngozi kitakachomfaa. Dukani viko vitatu na vyote naona sawa. Na nina swali la pili, usinikasirikie. Nikikitoa kile nikaweka kingine, utaona nimemtoa mwanao? Hatukujaliwa mtoto, na jirani mmoja aliniambia palepale msibani, eti wale sasa si watu wako tena. Mimi sijui. Ndiyo maana nauliza kwanza.

Mkwe wako


Tarehe 15 Februari

Mkwe wangu,

Marahaba, tena marahaba. Sisi wazima. Mgongo uko mgongoni. Macho yanafanya kazi mchana, jioni yanaomba ruhusa. Shangazi yako anakusalimu sana. Barua yako amenisomea kwa sauti mara mbili, na mara ya pili sikumwomba.

Huyo jirani mwambie ashughulike na ukoo wake, wetu una wenyewe.

Sasa kiti. Kiti hakichaguliwi kwa kidole. Watu wakiingia dukani hubonyeza kwa kidole gumba, kikibonyea wanasema hiki laini, hiki ndicho. Lakini nani anakalia kidole gumba? Kinachobonyea leo, kesho kitakubana pasipostahili kubanwa, kama huo mfuniko wako. Kitu cha kutafuta ni ngozi nene, iliyokazwa, isiyo na sponji chini. Ngozi ya namna hiyo ni kama bibi harusi nyumbani kwa wakwe: wiki tatu za mwanzo haisemi na mtu, baadaye ndiyo inayoshika funguo. Halafu upana. Anayeendesha ameinama kama yuko mashindanoni anataka chembamba. Anayekaa wima na makapu kama wewe anataka kipana nyuma. Mifupa miwili ya kukalia yote ipate mahali pake, isining'inie kandoni.

Lakini usinunue. Nitakutengenezea mimi. Tangu msiba sijashika ngozi, na sindano zangu zimeanza kuota kutu. Wewe umenipa sababu.

Nahitaji kipimo. Na hapa, mkwe wangu, kalamu imesimama. Miaka arobaini nimewapima wanaume kwa wanawake, sijawahi kumpima mkwe. Kwa hiyo shangazi yako ameeleza kwenye karatasi ya pili, ile iliyokunjwa. Sijaisoma. Wewe nitumie namba tu, usiweke maneno.

Cha zamani ukikitoa hujamtoa mtu. Ila usikitupe.

Baba mkwe wako


Tarehe 26 Februari

Baba,

Shikamoo nyingi. Huku salama. Mvua zimeanza, naifunika mikate kwa plastiki na mimi mwenyewe nanyeshewa. Mwambie shangazi karatasi yake nimeisoma nikiwa nimefunga mlango.

Nimefanya alivyosema. Nilitandaza unga kwenye sinia nikausawazisha, nikaliweka sinia juu ya benchi, nikakaa wima, nikahesabu hadi ishirini, nikainuka taratibu. Kisha rula, kutoka shimo hadi shimo. Halafu nikasahau kujipangusa, nikaenda kazini na madoa mawili ya unga nyuma ya sketi. Bahati yangu nafanya kazi bekari. Ila mwenye bekari alisema, "Leo umeanza kazi kwa upande gani?"

Namba ni kumi na moja. Sentimita.

Mkwe wako


Tarehe 30 Machi

Mkwe wangu,

Habari za siku nyingi? Hapa neema tupu. Kifurushi hiki anakuletea dereva wa lori la unga, yule anayeshusha magunia hapo bekari kwenu. Ngozi ni ya mgongo wa ng'ombe, niliiloweka, nikaivuta juu ya kibao chenye umbo la kiti, nikaikausha siku sita kivulini. Misumari ni ya shaba, kumi na mitatu, nimeigonga mwenyewe. Mmoja umekaa upande kidogo, usiutazame.

Usikiache mvuani. Paka mafuta ya ngozi upande wa chini, si wa juu. Ikilegea, kaza nati ya mbele robo mzunguko, si zaidi. Na uvumilie wiki tatu.

Umeandika kwamba mwenzako aliegemea kushoto popote. Hayo ni makosa yangu. Alipokuwa mdogo alikaa kulia kwangu kwenye benchi la karakana, akaniegemea ili aone sindano inapoingia. Kila siku akitoka shule. Nikimwambia, "Kaa sawa, mtoto," ananijibu bila kuniangalia, "Nimekaa sawa." Akakua hivyo.

Baba mkwe wako


Tarehe 8 Aprili

Baba,

Shikamoo. Kiti kimefika, kizuri mno, kila anayekiona anakipapasa. Msumari ulionikataza kuutazama sijauona. Ahsante, na Mungu akuzidishie nguvu. Naandika kwa haraka, lori linaondoka.

Mkwe wako


Tarehe 21 Mei

Mkwe wangu,

Natumaini u mzima. Sisi tupo, shangazi yako alipata mafua, yamekwisha.

Wiki sita sijapata barua yako, nikasema labda kazi. Jana dereva wa lori alipita kuchukua viatu vyake. Nikamuuliza, kiti kinaendeleaje? Akasitasita. Nikamwambia, sema bwana, mimi si mtoto. Akasema amekuona mara tatu umekifunga mto wa kulalia kwa kamba, na mara nyingine unaikokota baiskeli kwa mkono kwenye barabara tambarare.

Mkwe wangu, usione haya kuniambia. Nimekaa nikafikiri. Ule msumari wa pembeni ulikuwa dalili. Macho haya yananidanganya, na mkono unafuata macho. Fundi akianza kuumiza watu, afunge karakana. Nimeongea na kijana wa viatu wa mtaa wa pili, mwisho wa mwezi atakuja kuchukua vibao, sindano na nyundo. Nimempa bure, na yeye atavitunza. Sina kinyongo. Nasikitika tu kwamba kiti cha mwisho kilikuwa chako.

Baba mkwe wako


Tarehe 25 Mei

Baba, Baba, Baba,

Shikamoo, na usimpe mtu kitu chochote! Barua hii nampa dereva mkononi, nimemwambia asisimame popote hata kwa chai.

Macho yako hayana kosa, wala mkono wako. Mwongo ni mimi.

Siku ile ya unga, rula ilisema kumi na tatu. Nikatazama ile namba. Nikawaza, hii itasomwa na baba mkwe wangu, mezani, na miwani yake. Nikaona kubwa. Nikaona itatangulia mbele yangu kila nitakapokuja kuwasalimu. Nikapunguza mbili, kama vile mtu anapopunguza umri. Sikujua kwamba sentimita mbili zinaweza kumtesa mtu hivi! Mifupa yote inakaa kwenye ukingo, nakaa kama niliyepanda ukuta. Nilijiambia mvumilivu hula mbivu, ngozi itanizoea. Wiki saba, Baba, haikuiva. Nikikuandikia nitadanganya tena au niseme ukweli, basi nikanyamaza. Niliona heri niumie mimi kuliko wewe ujue.

Sikuwaza kwamba utajilaumu wewe.

Baba, mtu aliyekaa na Miluzi miaka kumi na moja alimsikia akisema mara ngapi, "Baba yangu hajawahi kurudishiwa kazi"? Mimi nimesikia mpaka nikachoka. Sasa eti irudi kwa ajili ya aibu yangu? Kumi na tatu. Naandika tena kwa maneno, shangazi asome kwa sauti: kumi na tatu. Ukicheka, cheka.

Binti yako, kama bado unanitaka


Tarehe 20 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Uzima upo, na kelele zipo, kwa sababu shangazi yako bado anacheka. Alipofika pale pa kumi na tatu, alishika ukuta. Alipopata pumzi akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu kaumbuliwa na mto wa kulalia!" Halafu akaniambia niongeze kwamba yeye ni kumi na tano, na ameolewa mara mbili.

Kijana wa viatu hakungoja mwisho wa mwezi, alikuwa amekwishachukua sanduku la vifaa. Nilimfuata kwa miguu, nikamkuta ameshaanza kushonea kandambili kwa sindano yangu nzuri. Nikamwambia, "Mwanangu, nilikosea siku." Akauliza, "Siku gani sasa, mzee?" Nikamwambia rudi baada ya miaka kumi uulize tena. Alicheka, akanibebea sanduku mpaka nyumbani. Vibao viwili nimemwachia, vya viti vyembamba. Nina sababu ya kutovipenda.

Nami niungame. Nilipoona kumi na moja nilijua si kweli. Jicho la fundi liliona, mdomo wa mkwe ukanyamaza. Nikajisemea, mtu habishani na namba ya mke wa mwanawe. Kwa hiyo aibu yako sentimita moja, na yangu sentimita moja. Tumegawana.

Kiti kipya hiki hapa. Misumari kumi na mitatu, yote imenyooka, nimeigonga asubuhi mapema jua likiwa dirishani. Kile chembamba mpe mtu mwembamba.

Baba yako


Tarehe 2 Agosti

Baba,

Shikamoo. Hali yangu njema, na safari hii nasema kweli. Shangazi nimemletea kitambaa, ameshakiona?

Wiki ya kwanza kiti kilikuwa kigumu kama benchi la hospitali, lakini kigumu pale panapostahili. Wiki ya pili nilisahau kukifikiria, nikawa nafikiria mikate. Jana, nikiwa naosha baiskeli, jua likalala juu ya ngozi nikaona vivuli viwili, hafifu sana, kama alama za vidole kwenye unga. Viko sawa kwa sawa. Nilisimama pale na kitambaa mkononi mpaka maji ya ndoo yakapoa.

Mto umerudi kitandani. Nimeuweka katikati.

Kile chembamba kimempata mwenyewe, mwalimu wa hesabu wa ile shule ninayoipelekea mikate, mrefu, hana nyama popote. Anasema hajawahi kukaa vizuri hivyo tangu azaliwe. Nimemwambia ni cha vipimo maalumu. Hakuuliza vya nani.

Na ndani ya mfuko huu kuna kile cha Miluzi. Kilikaa kwenye kabati juu ya mashati yake tangu Aprili. Nimekipaka mafuta upande wa chini kama ulivyonifundisha. Mimi ninacho changu sasa, na hiki kilianza kwako. Pangusa vumbi tu, usikinyooshe.

Kesho kwenye kona ya zahanati kengele ilinigomea. Samahani, jana, si kesho, naandika huku nacheka. Ilinigomea, nikapiga mluzi. Haukutoka vizuri. Lakini mwenye duka la pembeni alitoka mbio na pesa za mikate mkononi, kisha akaniona ni mimi, tukatazamana, akasema, "Endelea tu kujifunza, dada."

Binti yako


Tarehe 14 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Kitambaa kimefika, shangazi yako amekifunga kichwani na hataki kukivua hata jikoni. Mgongo salama. Macho yaleyale.

Mfuko niliufungua peke yangu karakanani. Sikukinyoosha. Nilipitisha kidole gumba kwenye lile bonde la kushoto, na ingawa nimekufundisha kwamba kiti hakipimwi kwa kidole, hicho ndicho nilichokuwa nacho.

Kwa siku mbili kilikaa mezani. Siku ya tatu nilikitoa kigoda changu cha kazi, nikakipigilia kiti cha Miluzi juu yake, misumari minne. Nina oda ya kiti, dereva wa lori anataka cha baiskeli ya mkewe. Nimemwambia alete namba ya kweli.

Basi sasa nashona nimekaa juu yake. Shangazi yako amechungulia mlangoni, akaniambia, "Mbona umeegemea upande? Kaa sawa, utaumia mgongo."

Nimemjibu nimekaa sawa.

Baba yako