Mashine ya Wajawazito, Wodi ya Wanaume

Jumatatu, 14 Machi 1994

Leo nimefukuzwa na mgonjwa! Absalom, mvuvi wa Luanda Kotieno. Miguu imevimba, pumzi fupi. Daktari Mureithi alitaka nimpige picha ya tumbo kwa altrasaundi. Akakataa — yeye si mwanamke, hana mimba. Wodi nzima ikacheka. Mama yake, Mama Aoko, akaniambia polepole, "Nyathina, mwanangu, hiyo mashine ni ya wamama. Akirudi beach watamwita Mama Nani."

Kweli, tangu iletwe sijapima mwanamume. Lakini nilikasirika, nikarudi zangu maternity. Sikumbembeleza hata kidogo.

Jumanne, 15 Machi

Absalom amezidiwa. Presha sitini juu, ya chini haisikiki. Mikono baridi, jasho, haongei. Daktari anasema mwili umeishiwa maji, aongezwe. Dripu ya tatu sasa — presha pale pale! Na mishipa ya shingo imesimama kama kamba. Aliyeishiwa maji shingo yake haiwi hivyo. Hata mimi wa kupima wajawazito najua.

Nikasukuma mashine mwenyewe. Ikakwama kwenye kizingiti cha wodi. Mama Aoko akashika upande wa pili, tukainua.

Jeli chini ya mbavu, nikaelekeza kichwa cha mashine juu. Moyo ule pale, unahangaika, na pembeni kote weusi. Maji! Yameubana, haupati nafasi ya kujaa.

Daktari akauliza nimejifunza wapi mambo ya moyo.

"Daktari, maji ni nyeusi tu. Ikuwe ya mtoto, ikuwe ya moyo."

Akainamia kioo, akaagiza sindano ndefu. Mimi namwonyesha njia kwenye kioo, yeye anaidunga hadi kwenye maji. Yakatoka kama chai ya rangi, karibu nusu lita. Presha tisini! Nimelia chooni.

Jumatano, 16 Machi

Amekunywa uji. Ananiuliza, "Madam, ni boy ama ni girl?" Wodi ikacheka tena, mimi wa kwanza. Nilitaka kumwomba radhi kwa ile Jumatatu. Ningembembeleza kidogo tu, asingefika pale. Badala yake nikamwongezea uji.

Alhamisi, 17 Machi

Saa kumi jioni. Mishipa ya shingo imeanza kusimama tena. Presha themanini. Daktari yuko theatre, anampasua mama mjamzito. Ameagiza niangalie, nimletee habari.

Kizingiti hakikunisumbua — Mama Aoko ameweka ubao. Hakuna aliyecheka. Absalom akafungua shati kabla sijamwambia.

Weusi umerudi. Mwembamba, lakini upo. Mama Aoko hajui picha, alikuwa anasoma uso wangu. Akanishika mkono: "Nyathina, sema." Nikawaambia wote wawili, maji yamerudi. Absalom akasema, "Madam, usitoe mashine hapa."

Maternity wananingoja wamama wanne, na mashine ni hiyo moja. Nimeiacha kando ya kitanda chake. Naandika hapa mlangoni mwa theatre. Nimebisha mara mbili, aje na sindano tena. Daktari bado hajatoka —