Chokaa Juu ya Alama

Jumatatu, 5 Mei

Wazo langu limepita! Maabara imethibitisha: baadhi ya visima vya mtaa wa Majengo vina kipindupindu. Bwana Oloo, mkuu wetu wa mawasiliano hapa idara ya afya, alitaka tangazo la Kiingereza mtandaoni, basi. Nikasema watu wa Majengo hawasomi mtandao wetu. Tupige alama ukutani, kwenye kila nyumba yenye kisima kibovu. Akacheka. "Winnie, wewe utanifundisha kazi." Lakini akakubali. Stoo kuna rangi nyekundu tu. Sawa — nyekundu ni hatari, nani asiyejua?

Jumanne, 6 Mei

Mafundi wamepita. X moja kila nyumba. Nimeziona kwenye picha: kubwa, wazi, hazihitaji maneno. Naona haya kuandika, lakini nilijivuna.

Alhamisi, 8 Mei

Nimempigia Shangazi Nyevu. Ndiye aliyenilea, na hajawahi kuhama Majengo. Nikamuuliza kama nyumba yake imepigwa alama.

"Alama gani? Hapana, mwanangu."

Nikashusha pumzi. Sikuuliza zaidi. Alikuwa na haraka. Wanapiga chokaa, akasema, yeye na majirani. Nikamtania, kwani mtaa mzima mna harusi? Akacheka kidogo sana.

Jumapili, 11 Mei

Raihana, mpangaji wa Shangazi, amenipigia akilia. Wamemkimbiza Shangazi hospitali. Anaharisha, anatapika, macho yameingia ndani.

Mnakunywa maji gani? Ya kisima, akasema, kwani tuna mengine?

Na alama? "Dada, tuliifuta. Mtaa mzima tumefuta."

X nyekundu! Ndiyo ile wanayopiga ukutani kabla ya kuleta tingatinga. Kila mtu Mombasa anaijua. Mimi mwenyewe naijua, nimeipita barabarani mara ngapi? Na nilikaa na zile picha mezani, nikaona visima tu. Wao wakaona nyumba zao zinabomolewa. Wakachanga, wakanunua chokaa.

Jumatatu, 12 Mei

Wodini. Shangazi ana dripu mkononi, midomo imekauka, sauti imekwisha. Nilidhani hatanitambua. Alinitambua.

"Watabomoa lini? Niambie kweli."

Nikamweleza. Ni kisima, Shangazi. Nyumba haina neno. Ilikuwa ni kisima tu. Akanitazama mpaka nikainama.

"Mbona hawakuja wakasema? Mlango wangu u wazi kutwa."

Nina shahada ya mambo haya, na kubisha hodi hakukunijia akilini. Nikamuuliza mbona alinificha.

"Wewe mtu wa serikali. Nilichelea utanitetea, wakufukuze kazi."

Nilitoka nje kulia. Hata hilo sikupewa nafasi — Oloo kwenye simu. Anataka taarifa kwa magazeti kabla ya saa nane. Iseme wananchi walionywa kwa alama zilizoonekana wazi, ila baadhi yao wakakaidi. Nikamwambia alama hazipo tena, watu wanakunywa sasa hivi, nipe gari lenye vipaza sauti.

"Taarifa kwanza, Winnie. Gari tutaliongelea."

Nikarudi ndani. Shangazi amefumba macho. Muuguzi anasema leo ndiyo siku ya kuangalia. Figo zilizosimama kwa kukosa maji zikiamka, atapona. Hakusema zisipoamka.

Bado Jumatatu

Sijaandika taarifa. Niko Majengo, kwenye baraza ya Shangazi, naandikia magotini.

Mtaa mweupe wote. Unaumiza macho. Maabara ina namba za chupa tu, picha ni za kuta tu, na mafundi waliochota maji hawakuandika nyumba zipi — alama zenyewe ndizo zilizokuwa kumbukumbu. Kwa hiyo sijui kisima kipi kizuri, kipi kinaua. Itabidi mlango kwa mlango.

Nimeanza na wa jirani, ule wa kushoto. Mwanamke akachungulia, macho yakashuka moja kwa moja kwenye kitambulisho cha kazi shingoni mwangu.

"Mwenye nyumba hayuko."

Dada, nikasema, sikuja kwa ajili ya nyumba, ni maji —

Akafunga. Nikasikia komeo.

Nimekivua kitambulisho, nimekitia mkobani. Nimebisha tena. Nimeita, nimesema mimi ni mtoto wa Bi Nyevu, wa hapa hapa. Hakuna anayeitika. Ila wapo. Nyuma ya mlango nasikia kamba, na ndoo inateremka kisimani.