Karte ya Mama ya Karton ya Sabuni

Kwa Mama yangu mupenzi, kule Butembo,

Nakusalimia sana kwa jina la Bwana. Mugongo unaendelea namna gani? Na mvua, iliachia maharagi yako kidogo? Mimi niko tu na baridi ya huku Ubelgiji. Nimerudia kazi yangu ya kuosha bazee ku nyumba yenye banatunziwa. Mwili unapona polepole.

Karte yako ilifika. Mama Kahambu aliitia ku posta kule Kampala alipoenda kununua vitambaa. Nilipoona umekata karton ya sabuni, na maandiko yako yanapanda na kushuka, nilikaa chini ku ngazi na blouse ya kazi mwilini.

Unajua sababu gani nilitangulia kukuandikia. Ku simu unawekaka haut-parleur, sauti inatoka inje, batu bote ba parcelle banasikiliza. Ile dimanche, siku ya kanisa, nilikuwa nimetoka hospitali siku tatu tu, tumbo tupu. Shangazi akapaza sauti: "Kavira, mutoto anafika lini?" Batu bote bakacheka kwa furaha. Nikajibu, "Karibu, tantine." Kisha nikakata, nikasingizia réseau ya simu ni mubaya.

Njo nikanunua karte yenye picha ya daraja. Nyuma yake nikaandika kwa Kinande, luga yetu: mutoto alikufa, alikuwa musichana, usiambie batu kwanza. Karte haina bahasha, lakini facteur, mutu wa posta wa huku, aisome hata mara mia, hatasikia neno.

Nilifikiri utanijibu na mistari ya Biblia. Uliandika tu: "Mbele ya kukuzaa wewe, nilizaa musichana, Masika. Alikaa juma moja. Tulimuzika Eringeti, nyuma ya jikoni. Baba yako peke yake njo alijua namna nililia."

Tangu utoto nilikuwa nakuuliza: mbona naitwa Kavira, jina la binti wa pili, na dada mukubwa sina? Ulikuwa unanijibu, "Enda uchote maji." Na vita ikawafukuza Eringeti, mukaacha hata kaburi. Mama, miaka yote ile! Nimelia juu yetu sisi wawili. Wasingya kutsibu, asante sana, kwa kuniambia.

Nisalimie Kambale, kaka yangu, na bibi yake, na pasta wetu. Shangazi umuambie wewe mwenyewe, mukikaa wawili, hapana ku simu. Na siku njia ya Eringeti itakuwa salama, ufike pale nyuma ya jikoni. Umusalimie Masika. Umuambie sasa yeye ni mama mukubwa, mutoto wangu ako naye.

Ni mimi, binti yako wa pili,
Kavira